Mgeni, Jembe na Mwenyeji: Uhakiki wa Methali Tatu katika Mji wa Kidatu

Utangulizi

Mara nyingi, tunapouzungumzia utamaduni wa taifa, huanza kwa kuyahesabu makabila. Husemwa kwamba Tanzania ina makabila zaidi ya mia moja na ishirini, kwamba kila kabila lina ngoma zake, mila zake na methali zake, na kwamba utamaduni wa taifa ni jumla ya hayo yote baada ya kuchagua yaliyo mazuri na kuyaacha yaliyo mabaya. Maelezo haya yana ukweli ndani yake. Yalitufaa sana katika miaka ya kwanza ya Uhuru, wakati ilipobidi tuwajibu wale waliodai kwamba sisi hatukuwa na utamaduni wowote. Hata hivyo, ni maelezo yanayomfikiria mtu aliyezaliwa, akaoa, akazeeka na kuzikwa katika kijiji kimoja, miongoni mwa watu wa lugha moja. Yakipelekwa kwenye mji ambao karibu kila mtu alifika akiwa amebeba sanduku, hupwaya kama kanzu ya kuazima.

Katika makala haya tutauchunguza mji mmoja wa namna hiyo, nao ni Kidatu, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Tutafanya hivyo kwa kuzihakiki methali tatu ambazo kila mwanafunzi wa shule ya sekondari amezisikia: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", "Mkataa kwao ni mtumwa", na "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tumezichagua methali hizi kwa sababu zote tatu zinahusu jambo moja, yaani nani ni mgeni, nani ni mwenyeji, na mmoja anadaiwa nini na mwenzake. Tena, zinafundishwa darasani kana kwamba maana zake zilikwisha kufungwa zamani, mwanafunzi akabakiwa na kazi ya kukariri tu. Sisi tunaamini kwamba methali hupimwa na maisha kama vile jembe linavyopimwa na udongo. Dai letu ni kwamba katika mji wa makabila mengi uenyeji ni jambo linalotendwa, wala si jambo la kuzaliwa nalo. Na kwamba uhakiki wa utamaduni usiouliza nani ananyimwa nafasi ya kulitenda jambo hilo ni uhakiki uliokwepa kazi yake.

Mji ulivyopata watu wake

Mto Ruaha Mkuu, baada ya kupita katika tambarare za Usangu na kufika Mtera, hujipenyeza kati ya milima na kutokea Kidatu, chini ya safu ya Udzungwa, kabla ya kuendelea na safari yake hadi Rufiji. Kaskazini ya mto ni wilaya ya Kilosa, na kusini ni Kilombero. Vilima vya upande wa kaskazini ni nchi ya Wavidunda, na mbele yao wako Wasagara. Milimani wako Wahehe. Bondeni, kuelekea Ifakara na kwingineko, wako Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga wanaoyajua mafuriko kama mkulima wa nchi kavu anavyoijua mvua. Wako Wambunga, walioingia bondeni katika misukosuko ya karne ya 19 iliyoandamana na ujio wa Wangoni. Na juu ya bonde, Mahenge, wako Wapogoro. Wapogoro na Wambunga walishika silaha pamoja mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipofika Ifakara na Mahenge. Kwa hiyo, hata kabla ya kiwanda na reli, bonde hili halikupata kuwa la kabila moja.

Hapana budi tulikumbuke jambo hili, kwa sababu utawala wa Kiingereza ulijitahidi kutusahaulisha. Tangu siasa ya kutawala kwa kupitia watemi ilipoanza kutekelezwa nchini Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, kila mtu alitakiwa awe na kabila, kila kabila liwe na mtemi, na kila mtemi awe na mpaka. Mwaka 1935 A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali katika bonde hili, pamoja na mkewe G. M. Culwick, walitoa kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers kuhusu Wabena wa bondeni, na Mtema Towegale Kiwanga alichangia sura moja. Ni kitabu chenye mambo mengi ya thamani. Lakini vitabu vya aina hiyo vilituzoesha kuitazama nchi kama kabati la droo nyingi, kila droo na kabila lake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Kabati, kwa bahati mbaya, lilibaki katika fikra zetu.

Kidatu ilikua hasa wakati huo huo machifu walipokuwa wakiondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi huko Msolwa, na mashamba ya miwa yakaenea. Reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi ikafika Kidatu katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1970 ilianza kujengwa reli ya TAZARA, ambayo wananchi waliiita Reli ya Uhuru. Njia yake ikapita papo hapo, na Wachina waliokuja kuijenga wakaweka karakana zao Mang'ula, jirani tu. Ujenzi wa reli ulikamilika mwaka 1975. Mwaka huo huo mitambo ya kwanza ya umeme wa maji ya Kidatu ilianza kufanya kazi, na kufikia mwaka 1980 kituo kilikuwa na uwezo wa megawati 204. Kiwanda cha pili cha sukari, cha Ruembe, kilijengwa ng'ambo ya mto katika miaka hiyo ya 1970. Kiwanda, reli mbili na bwawa: mambo manne makubwa ndani ya miaka isiyozidi ishirini, mahali palipokuwa na vijiji vichache.

Kila moja la mambo hayo lilileta watu wake. Walikuja Wangoni kutoka Songea, Wabena kutoka Njombe, Wahehe kutoka Iringa, Wanyakyusa kutoka Mbeya, na wengine kutoka pande zote za nchi. Wengi walikuja kwa msimu wa kukata miwa, wakakusudia kurudi kwao mvua zikianza. Wengine wakarudi, wengine wakabaki. Walikuja mafundi wa mitambo, makarani, walimu, wauguzi, wachuuzi, mama lishe na washona nguo. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980 na 1990, bonde lilipokea Wasukuma na Wamaasai pamoja na ng'ombe wao. Kiwanda chenyewe kilibinafsishwa mwaka 1998, kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikachukua sehemu kubwa na Serikali ikabaki na robo ya hisa.

Msomaji angependa kuambiwa ni Wangoni wangapi na Wapogoro wangapi wanaoishi Kidatu. Hesabu hiyo haipo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kwetu kuchapisha hesabu ya watu kwa makabila yao. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza kabila. Kwa maneno mengine, mji wa Kidatu ulijaa watu wakati ule ule taifa lilipoamua kuacha kuwahesabu kwa asili zao. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini unatuachia sisi wachunguzi wa utamaduni wajibu mpya: kama hatuwezi kuuelezea mji huu kwa kuhesabu makabila, hatuna budi kuuelezea kwa yale wanayoyatenda wakazi wake.

Jembe na panga

Tuanze na methali ya kwanza. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maelezo ya kawaida ya darasani ni kwamba methali hii inamkanya mgeni asiwe mvivu wala asimchoshe mwenyeji wake. Maelezo hayo si makosa, ila yametazama upande mmoja tu. Yanamtazama anayepewa jembe, hayamtazami anayelitoa.

Mtu akimpa mgeni jembe, hana budi ampe na pa kulima, kwani jembe bila ardhi ni chuma na mpini tu. Mwenye jembe hulima. Aliyelima hungoja mavuno. Anayengoja mavuno amekwisha kukaa. Katika desturi za bonde, mgeni aliyetaka kukaa alimwendea mzee wa mahali, akaonyeshwa pori, akafyeka. Kuanzia hapo alikuwa na jirani, na jirani alikuwa na haki ya kumwita kwenye kazi, harusi na misiba. Kwa hiyo methali, ikisomwa vizuri, ni sheria fupi ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Siku ya tatu si siku ya mgeni kufukuzwa. Ni siku ya kupokewa.

Sasa tuipeleke methali hii Kidatu. Mkata miwa aliyefika kwa msimu hakupewa jembe, alipewa panga. Tena hakupewa na mwenyeji, alipewa na msimamizi. Panga haliji na ardhi. Muwa anaoukata si wake, chumba anacholala ni cha kambi, na siku kazi inapokwisha chumba nacho kimekwisha. Mtumishi wa kudumu alikuwa na hali bora zaidi, lakini naye aliishi katika nyumba ya kazi, na siku ya kustaafu aliulizwa funguo. Kwa kipimo cha methali, mtu huyo anaweza kukaa miaka thelathini na siku yake ya tatu isifike.

Wakazi wa Kidatu waliielewa hali hii mapema kuliko wachunguzi. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mfanyakazi mwenye akili alilifanya lilikuwa kutafuta kipande cha shamba: ekari moja ya mpunga, nusu ekari ya mahindi, migomba michache nyuma ya nyumba. Mshahara ulimlisha, shamba lilimkalisha. Wengine wakawa wakulima wa nje, yaani wanaolima miwa katika mashamba yao wenyewe na kuiuza kiwandani. Hapo ndipo panga na jembe vilipokutana katika mikono ya mtu mmoja, na mtu huyo akaweza kusema "hapa kwetu" bila kuona haya.

Lakini ardhi ya kugawa imepungua. Upande mmoja kuna mashamba makubwa ya miwa. Upande mwingine kuna milima, ambayo tangu mwaka 1992 ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo inalinda misitu na chemchemi ambazo bonde zima linazitegemea, pamoja na wanyama wasiopatikana penginepo duniani, kama vile mbega mwekundu wa Udzungwa. Hakuna mwenye busara atakayeilaumu kwa hilo. Ila mwanamke aliyekuwa akiokota kuni msituni kwa ruhusa ya siku maalumu alizuiwa kabisa kuanzia mwaka 2011. Nako mashambani, miwa imeendelea kuchukua nafasi ya mpunga na mahindi, kwa kuwa muwa huleta fedha. Aliyekuja jana alikuta pa kulima. Anayekuja leo hukodi. Methali haijabadilika hata neno moja, lakini anayetakiwa kutoa jembe hana tena pa kumwonyesha mgeni. Mwalimu anayeifundisha methali hii kama onyo dhidi ya uvivu, katika bonde la watu wanaotafuta pa kulima, anamlaumu aliyenyimwa.

Kwao ni wapi?

Methali ya pili ni kali zaidi. "Mkataa kwao ni mtumwa." Ilitungwa katika pwani na bara zilizoujua utumwa kwa macho. Mtumwa alikuwa mtu aliyetenganishwa na ukoo wake, asiye na wa kumlilia wala wa kumkomboa. Ndiyo maana methali inamwonya anayeuacha ukoo wake kwa hiari.

Basi tumfikirie mtoto aliyezaliwa Kidatu, baba yake Mngoni na mama yake Mpogoro. Nyumbani wanazungumza Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha wazazi wake. Majirani zake ni Mndamba, Mbena na Mnyakyusa. Anapoulizwa na mgeni, "Kwenu wapi?", hutaja Songea, mahali ambapo pengine hajapata kulala usiku mmoja. Je, mtoto huyu akisema kwao ni Kidatu, amekataa kwao? Au ndiyo kwanza amekukubali? Methali haikumtarajia. Ilidhani kwamba kila mtu ana kwao pamoja tu, nako kulikwisha kuwapo kabla yake.

Hapa ndipo kipimo cha matendo kinapohitajika, na tendo lililo kubwa kuliko yote ni mazishi. Mgeni akifa, nani atamwosha, nani atachimba kaburi, nani atapika? Kijijini ukoo hujibu. Kidatu ukoo uko mbali, na maiti haingoji. Wakazi walilijibu swali hili kwa chombo walichokuja nacho, yaani utani.

Vitabu vyetu vingi hutaja utani kama mzaha kati ya makabila, na ngano za watani huwachekesha sana wanafunzi. Lakini utani ni taasisi nzito. Wengi wa watani wa jadi ni watu ambao babu zao walipigana au walisafiri pamoja. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, ni watani. Wanyamwezi na Wazaramo, waliokutanishwa na misafara ya pwani na bara, ni watani. Uadui wa zamani uligeuzwa kuwa haki: mtani anaweza kukutukana mbele za watu usikasirike, anaweza kuchukua kuku wako, na ukifiwa ni yeye anayekuja kufanya kazi za mazishi ambazo mfiwa haziwezi, huku akichekesha waombolezaji ili huzuni isiwavunje. Kwa maneno mengine, watu waliokuwa mbali kwa damu walipewa wajibu wa kuwa karibu kwa kazi.

Mji kama Kidatu ulikuwa kama umeandaliwa kwa ajili ya taasisi hiyo. Mhehe na Mngoni waliokutana katika kambi ya miwa hawakuwa wageni kabisa; kila mmoja alikwisha kuwa na haki na deni kwa mwenzake kabla ya kujuana majina. Lakini utani nao una mipaka. Si kila kabila lina utani na jingine, na waliofika baadaye kutoka mbali hawakuukuta mlango wao. Kwa hiyo miji yetu iliufanyia utani mambo mawili. Kwanza, iliupanua, watu wakabuni utani mpya kwa majirani, kwa wafanyakazi wa idara mbalimbali, hata kwa wapenzi wa mpira. Si bure kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Pili, iliusaidia kwa vikundi vya kuzikana, ambamo kinachoulizwa ni kama umetoa mchango wako na kama ulifika kwenye msiba wa mwenzako. Kabila haliulizwi. Katika vikundi hivyo mtu huwa mwenyeji kwa kuzika.

Hata hivyo, tusije tukashangilia kupita kiasi. Kiswahili kilichowaunganisha wakazi wa Kidatu kimewagharimu pia. Kividunda na Kindamba ni lugha za watu wachache, na nafasi yake katika mji ni ndogo mno. Kila lugha kati ya hizo ina majina ya samaki, ya miti, ya aina za mpunga na ya mikondo ya maji, na mjuzi wake akifa bila mrithi, maarifa hayo huenda naye. Sangula inayochezwa bondeni, lizombe ya Wangoni na sindimba ya Wamakonde huweza kuonekana siku moja katika uwanja mmoja, zikifuatana kama mabehewa; na tangu Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilipoundwa katika miaka ya 1960, huo ndio mfano tuliouiga mashuleni, kila kabila na zamu yake. Tunauliza: ngoma zikifuatana bila kuzungumza, je, huo ni utamaduni wa mji, au ni lile kabati la droo tu, safari hii likiwa na mapambo? Muziki wa dansi wa mkoa wa Morogoro, wa akina Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, ulijibu swali hilo kwa njia nyingine. Uliwaimbia watu wa makabila yote kwa Kiswahili kuhusu mapenzi, kazi na mauti, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwao mwimbaji ni wapi kabla ya kuinuka kucheza.

Nani amepona?

Methali ya tatu hupendwa sana na wasemaji wa mikutano. "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husemwa wageni rasmi wanapokaribishwa, miradi inapozinduliwa na wawekezaji wanapopokelewa. Maana yake ni kwamba mgeni huja na heri: kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kipaja.

Kidatu imepokea wageni wengi wa namna hiyo, na ni haki tuseme kwamba imepona mara nyingi. Kiwanda kilileta ajira na zahanati. Reli ya Uhuru ilifungua soko la ndizi, mchele na mahindi kwa vijiji vilivyokuwa vimefungwa na mito na matope. Ile treni ya vituo vidogo iliyoitwa Kipisi iliwabeba wakulima na wachuuzi na mizigo yao hivi kwamba, ilipositishwa katika miaka ya 1990, wananchi wa njiani walipaza sauti kuitetea kama mali yao. Huko kulikuwa kupona kwa kweli.

Lakini bwawa linatufundisha jambo jingine. Kwa miaka mingi Kidatu ilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, mpaka bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Umeme uliotoka Kidatu uliendesha viwanda vya Dar es Salaam na kuwasha taa za Morogoro, na nguzo zake zilipita juu ya paa nyingi za makuti zilizobaki na koroboi. Hatusemi kwamba taifa lilikosea kuupeleka umeme mahali palipokuwa na viwanda. Tunasema kwamba methali iliahidi kupona kwa mwenyeji, na mwenyeji alingoja muda mrefu kupona kwa jirani yake kumfikie.

Kisha kuna wageni ambao methali hii haiwataji kamwe katika hotuba. Mfugaji wa Kisukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe wake hakuimbiwa wimbo wa kumkaribisha. Bonde lilipewa hadhi ya ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni kubwa ya kuwaondoa mifugo na wafugaji. Sababu zake zilikuwa nzito: mashamba yaliliwa, kingo za mito zilikanyagwa, na maji yanayokwenda Rufiji hutegemea bonde hili. Mkulima aliyeamka akakuta mpunga wake umelala chini ana haki ya kulia. Ila tuyasikilize maneno yaliyotumika mitaani. Watu hawakusema "wafugaji" na "wakulima". Walisema "Wasukuma" na "wenyeji". Na Msukuma mwingi wa bondeni ni mkulima hodari wa mpunga pia. Hivyo mgogoro wa malisho, maji na mamlaka ya kugawa ardhi ulivikwa vazi la kabila. Na miongoni mwa waliojiita wenyeji walikuwamo wana wa wakata miwa wa miaka ya 1960, ambao baba zao waliitwa wageni.

Jambo hili linapaswa kutushtua sisi tunaoandika kuhusu utamaduni. Kila tunapofundisha kwamba utamaduni wa mahali ni mali ya kabila fulani, tunampa mtu fulani hati ya kumfukuza jirani yake. Na kila tunapojibu kwa haraka kwamba sote ni Watanzania, bila kugusa suala la ardhi, tunamwacha Mndamba au Mvidunda aliyepoteza ziwa lake la kuvulia au kilima chake cha kutambikia bila neno la kujitetea. Majibu yote mawili ni rahisi, na yote mawili yanamkwepa mtu aliye mbele yetu.

Fasihi ilivyoipita Kidatu

Yafaa pia tuihoji fasihi yetu andishi. Riwaya zetu zinazofundishwa mashuleni zimekwenda mara nyingi kijijini na mara nyingi jijini. Kezilahabi katika Gamba la Nyoka (1979) na Mung'ong'o katika Njozi Iliyopotea (1980) walituonyesha kijiji wakati wa ujamaa. Shafi Adam Shafi katika Kuli (1979) alituonyesha jinsi makuli wa bandari ya Unguja walivyojitambua kwa kazi na kwa mgomo wa mwaka 1948. Lakini mji mdogo wa kiwanda barani, wenye kambi, stesheni, soko na kanisa na msikiti vinavyotazamana, haujapata nafasi yake. Mhusika wa riwaya hupita hapo akiwa ndani ya treni, akanunua ndizi dirishani, akaendelea na safari. Ni hasara, kwa sababu Watanzania wengi sasa wanazaliwa katika miji ya aina hiyo, na wanakosa kioo.

Mwandishi atakayeshuka kituoni hatakosa kisa. Kidatu ndipo reli mbili zinapokutana na kushindwa kuungana: moja ina upana wa milimita 1,000, nyingine milimita 1,067. Tofauti ni milimita sitini na saba tu, nayo inatosha kuzuia behewa. Mzigo hauna budi uhamishwe kutoka behewa moja hadi jingine, na ni kazi hiyo inayoziunganisha njia hizo mbili. Mtu aliyekulia hapo anajua kwamba watu wa asili mbalimbali nao hawaunganiki kwa kukaa karibu tu. Kuna kazi ya kufanywa, na kuna wanaoifanya.

Hitimisho

Tumeziona methali tatu. Ya kwanza inaahidi kwamba mgeni atapokelewa kwa kupewa pa kulima. Kidatu inatuonyesha kwamba ahadi hiyo huvunjika ardhi inapokwisha au inapomilikiwa na wachache. Ya pili inamfunga mtu kwa asili yake. Kidatu inatuonyesha watu waliojijengea kwao kwa kuzikana na kutaniana. Ya tatu inaahidi kupona. Kidatu inatufundisha kuuliza amepona nani, na nani bado anangoja.

Hatupendekezi methali hizi ziachwe. Tunapendekeza zifundishwe pamoja na maswali. Mwalimu wa Kiswahili popote nchini anaweza kuwatuma wanafunzi wake wawaulize wazee wa mtaa mambo manne: ulifika lini, nani alikupokea, nani alikupa pa kulima au pa kujenga, na umewazika akina nani. Majibu yaandikwe kwa uangalifu, yasomwe darasani, kisha ndipo methali zihakikiwe. Mwanafunzi atagundua kwamba karibu kila mwenyeji alipata kuwa mgeni, na kwamba kulikuwa na mtu aliyemfungulia mlango. Aidha, wale wazee wachache wanaokijua Kividunda au Kindamba waombwe wataje majina ya samaki, miti na mito, nayo yaandikwe kabla ya wenye kuyajua kututoka.

Kwa sasa barabara ya lami imeufikisha mji wa Kidatu karibu zaidi na Ifakara, na daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limewafikisha watu wa Mahenge na Malinyi bila kungoja kivuko. Wageni wengine wako njiani. Watakaa siku mbili. Ni juu ya wakazi wa Kidatu, ni juu ya wenye mamlaka ya kugawa ardhi, na ni juu yetu sisi tunaoandika vitabu vya utamaduni, kuamua kama siku ya tatu watakuta jembe.